Anataka tulale kwa shangazi yake Likoni, nami nilitaka tuwe wawili tu

Mpendwa mshauri,

Nina miaka tisa katika ndoa na watoto wawili. Mimi ni fundi wa nguo hapa Nakuru na mume wangu ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi. Tulipooana hatukupata fungate. Mahari, kodi ya nyumba na mimba ya kwanza vilitujia kwa mpigo mmoja, na tangu hapo kila Desemba tumekuwa tukiambiana kwamba mwakani tutaenda Mombasa. Mwaka huu imekaribia kuwa kweli. Tuna akiba ya shilingi 45,000, mama yangu amekubali kukaa na watoto, na mume wangu amepewa likizo mwezi wa Agosti.

Shida ilianza tulipoketi kupanga. Mume wangu alichukua daftari akapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande huu vitu vya bure, upande ule vya kulipia. Upande wa kulipia uliandikwa nauli tu. Upande wa bure ulijaa mpaka chini: kulala kwa shangazi yake Likoni, feri kwa kuwa mtu wa miguu halipi, bustani ya Mama Ngina, ufuo wa bahari, pembe za ndovu za Moi Avenue. Nikamuuliza, na Fort Jesus je? Akanijibu bila kuinua macho, "Ngome utaiona kutoka nje. Ndani ni mawe tu."

Ngome hiyo mwalimu alituchorea ubaoni nikiwa shule ya msingi, na tangu siku hiyo nimetamani kuingia ndani. Jibu lake liliniuma kuliko nilivyoonyesha.

Kuhusu shangazi, sina neno naye. Ni mtu mwema, na ndiye aliyemchukua mume wangu babake alipofariki, akasoma kwake darasa la sita na la saba. Lakini nyumba yake ni ya vyumba viwili. Nilifika huko wakati wa arusi ya binamu yao. Mimi nililala na shangazi na wasichana wake, mume wangu akalala sebuleni na wavulana. Ndivyo desturi ilivyo na siilaumu, lakini fungate gani hiyo ya mke huku na mume kule?

Nilipotaja chumba cha kukodi alipandisha sauti. Alisema mtu mwenye jamaa mjini akienda kulala lojing'i ni kama ana jambo analificha. Siku mbili baadaye wifi yangu akanipigia simu, sijui nani alimwambia, kunieleza kwamba kumkwepa shangazi ni kumtukana. Tena mume wangu anataka safari nzima ya siku nne isizidi shilingi 20,000. Zitakazobaki anasema ni za mabati ya jikoni.

Sasa kuna jambo asilolijua. Nina shilingi 16,000 zangu kando, nilizopata Januari kwa kushona sare za shule, ambazo nimeziweka kwenye chama cha mafundi wenzangu. Mwezi wa tatu mume wangu alikopa karo kwa mwenzake kazini nami nilinyamaza. Sijutii. Zamani nilimwonyesha pesa nilizokuwa nimeweka za kununulia cherehani, zikaishia kwa ndugu yake na hazikurudi. Hizi za sasa ndizo kinga yangu mashine ikiharibika.

Zingetosha chumba cha watu wawili na kiingilio cha ngome, hata chakula kizuri cha jioni. Sitaki makubwa. Sitaki hayo mabwawa ya kuogelea ninayoona kwenye picha za marafiki zangu, au labda nayataka kidogo. Lakini nikizitoa ataniuliza zimetoka wapi na zilikuwa wapi mwezi wa tatu. Nisipozitoa, nitaenda Likoni nirudi na kinyongo.

Nizitoe? Niende kwa shangazi ninyamaze? Au tuache safari tununue hayo mabati?

Fundi, Nakuru


MSHAURI ANAJIBU

Fundi, dada yangu,

Nilikuwa nikitabasamu nikisoma habari za lile daftari, hadi nilipofika kwenye karo. Hapo nikairudia barua yako tangu mwanzo.

Kama nimekuelewa, huna ugomvi na Mombasa wala na shangazi. Unataka siku chache ambazo wewe na mumeo mtakuwa mume na mke, si baba na mama wa fulani, wala mpwa na mke wa mpwa. Yeye anataka safari isiyomlia mabati wala kumwaibisha mbele ya watu waliomlea. Na katikati yenu kuna shilingi 16,000 ambazo mmoja anazijua na mwingine hazijui.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo lugha aliyoichagua mumeo. Daftari linasema kwa shangazi ni bure, nawe umelikubali hilo. Je, mtafika mikono mitupu? Ninavyowajua watu wa Nakuru, hamtashuka Likoni bila gunia la viazi na kabichi kadhaa juu yake. Kuna sukari, unga, mafuta ya kupikia na nyama ya siku ya kwanza, kisha samaki wa siku ambayo shangazi atasema "leo msihangaike" na nyote mtajua maana yake. Kuna wale wasichana na wavulana wa sebuleni wanaotazama mkono wa mgeni. Siku ya kuaga mtamwachia mwenye nyumba kitu. Anastahili yote hayo, maana aliyemlea yatima hadaiwi risiti. Ninachosema ni kwamba hayo yana bei, na bei yake haimo katika ukurasa wa mumeo. Iandikeni. Kisha ulizieni kwa simu bei ya chumba cha kawaida kwa tarehe zenu hasa, kwa sababu Agosti shule zikiwa zimefungwa chumba hakitozwi kama Mei wakati wa mvua. Huenda mkakuta tofauti ni ndogo. Huenda pia mkakuta ni kubwa na mumeo yuko sahihi, nawe utakuwa umeliona hilo kwa macho yako badala ya kuambiwa.

Hata ule upande wa nauli huenda una mashimo. Treni ya SGR ya Nairobi hadi Mombasa, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 kwa mtu mmoja kwenda tangu Januari 2024, kwa hivyo nyinyi wawili mmeshatumia 6,000 kwenda na kurudi kabla ya kula hata kiazi karai kimoja. Ongezeni matatu ya Nakuru hadi Nairobi, kutoka mjini hadi stesheni iliyoko Syokimau, na upande wa pili kutoka Miritini hadi kisiwani, maana treni haiwashushi mjini. Treni ya saa mbili asubuhi itawalazimu kutoka Nakuru usiku au kulala Nairobi. Ya saa tisa alasiri inawafaa zaidi, ila itawafikisha usiku, na ndipo mtakapoanza kukitafuta kivuko na gunia lenu la viazi. Katika zile 20,000 nafasi ya kupumua ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye daftari, ukilala kwa shangazi au usilale.

Sasa niruhusu niitetee Likoni kidogo, kwa sababu umeiandika kama adhabu. Ukiwa hapo, ufuo wa Shelly uko jirani. Diani, ambako watu wa kisiwani huamka mapema wakabanane kwenye feri ili wafike, nyinyi mtapanda matatu pale pale hadi Ukunda na kumalizia kwa tuktuk, bila kuvuka maji. Mchanga wa ufuo ni wa umma hata mbele ya hoteli kubwa kubwa. Agosti ni majira ya kusi, kwa hivyo bahari huchafuka na mwani huwa mwingi ufuoni, lakini jua si kali kama la Februari. Waulizeni wavuvi maji yanajaa saa ngapi, kwa sababu mkifika yamekupwa mtatembea sana kwenye miamba na kuogelea kidogo. Vaeni viatu.

Upande wa pili wa kivuko, mkishuka tu kwenye feri, bustani ya Mama Ngina iko karibu kwa miguu. Jioni watu huketi pale chini ya mibuyu wakila muhogo wa kuchoma uliopakwa pilipili na ndimu, huku meli za makontena zikipita kwenye mlango wa Kilindini karibu kiasi kwamba unaweza kulisoma jina la meli. Ukinywa dafu na ukila muhogo, mmetumia pesa kidogo sana. Mumeo ameiweka kwenye upande wa bure na hapo sina la kumpinga. Ningekuuliza tu: ungefurahia jioni ya namna hiyo kama baadaye mngevuka kurudi kulala kila mtu chumba chake? Wako wanawake wangesema ndiyo, mradi mchana wote ni wao wawili. Wengine wangesema afadhali usiku mmoja wa faragha kuliko michana minne ya matembezi. Sijui wewe ni yupi, na barua yako haijasema. Pengine hata mumeo hajui, kwa sababu nyote mmekuwa mkibishana kuhusu nyumba bila kutaja kinachokosekana ndani yake. Kumwambia mume "nataka kulala na wewe" baada ya miaka tisa ni kugumu kuliko kumwambia "nataka hoteli".

Ukiichagua njia ya mchana kuwa wenu, kuna hatari yake. Shangazi kwa wema wake atasema mwende na binti fulani awaonyeshe njia, na fungate itakuwa ya watu watatu, nauli tatu, madafu matatu. Hilo mumeo anaweza kulizuia mapema kuliko wewe, maana yeye ni wa nyumba.

Njia nyingine ni kugawa usiku. Mfike Likoni kwanza, mkae, mle, mshukuru, kisha muage kwamba mnakwenda kutembea upande wa Bamburi na mtalala huko huko. Huko kuna Haller Park, machimbo ya zamani ya kiwanda cha simiti yaliyopandwa miti hadi yakawa msitu wenye twiga na viboko, na kuna ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ambao wenyeji huuita Pirates. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu hupewa jembe, kwa hivyo hata shangazi huenda asiombe mkae siku zote nne. Lakini mkianzia kwenye chumba cha kukodi na kumalizia kwake, ataona amepewa mabaki. Na akikataa mwondoke je? Basi mtakuwa mmeanza jambo lisilo na njia rahisi ya kutoka. Yote haya yanategemea nani anapiga simu. Ukipiga wewe, ni mke anayemwondoa kijana wao. Akipiga yeye, ni mpwa anayemwomba shangazi yake ruhusa ya kumtembeza mkewe, na akina shangazi wengi ninaowajua hupenda kuombwa ruhusa.

Aibu ya lojing'i naielewa, wala usimcheke. Katika miji yetu mingi mume na mke halali wakionekana wakitoka huko asubuhi, wanaowatazama hawaulizi cheti. Siku hizi ziko nyumba za kukodi kwa siku zenye jiko, ambazo familia hutumia, na huenda asizione kwa jicho lile lile. Hatari yake ni matapeli: picha nzuri kwenye simu, amana inatumwa, mwenye namba anazima. Mwombeni binamu mmoja wa kule akaitazame kabla hamjatuma hata shilingi.

Niende kwenye ngome. Umesikia "mawe tu" kama dharau kwa ndoto yako, na inawezekana ilikuwa dharau. Lakini nimemfikiria yule mvulana wa darasa la sita aliyefiwa na baba, akaja kuishi kwenye vyumba viwili Likoni. Je, aliwahi kuingia ndani? Unajua? Wako watoto wengi waliokua ng'ambo ya kivuko wakiona watalii wakishuka kwenye magari pale mlangoni, na wao hawakuwa na senti ya kiingilio. Mtu kama huyo akiulizwa utu uzima anaweza kusema ni mawe tu. Au pengine aliingia na shule na kweli hakupendezwa. Muulize, lakini si kwa kumtega.

Kwa mawe tu, yameona mengi. Wareno waliijenga kuanzia 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Cairati. Waomani waliizingira mwaka 1696 na kuitwaa 1698, na meli ya Wareno iitwayo Santo António de Tanna, iliyoletwa kuwaokoa waliofungiwa ndani, ikazama mbele yake 1697. Vitu vilivyoopolewa kutoka kwenye meli hiyo vimewekwa humo ndani. Waingereza waliigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958, na 2011 UNESCO ikaiorodhesha kuwa urithi wa dunia. Mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, ila beba kitambulisho. Ukitoka uko Mji wa Kale tayari, na huko kutazama milango ya nakshi na roshani za mbao hakuna kiingilio. Vaa nguo ya heshima, na usimpige mtu picha bila kumwomba. Hebu iandike ngome peke yake kwenye ukurasa, bila chumba na bila chakula cha jioni, uone ni pesa ngapi. Pengine mmekuwa mkigombania kitu kidogo kwa sababu kimefungwa pamoja na vikubwa.

Sasa zile 16,000. Umesema hujutii, na sitakulazimisha ujute. Mwanamke ambaye pesa za cherehani yake ziliwahi kwenda zikapotea ana sababu ya kuficha mbegu. Ila nina swali: lile deni la mwezi wa tatu limelipwa? Kama bado, basi anaposema 20,000 na mabati, huenda humsikii bahili. Huenda unamsikia mtu anayekutana na mdai wake kazini kila asubuhi na hataki kukuambia. Kama ni hivyo, kila mmoja wenu ana lake alilolifunika.

Kuzitumia kimyakimya, kwa mfano kusema umepata oda ya ghafla, kutakupa safari yenye amani. Kutakupa pia hadithi ya kuikumbuka kila mara wifi au mwanachama mwenzako atakapofungua mdomo. Kuziacha zilipo ni haki yako, na mashine itakuwa na kinga, lakini kinyongo unachokiogopa utakuwa umekichagua mwenyewe, na itakuwa vigumu kumwekea yeye mzigo wote. Kuzitaja ndiko kunakotisha. Anaweza kukasirika kwa sababu ya karo. Anaweza kuzitaka zote, na safari ikafia hapo. Ukiamua kuzitaja, hulazimiki kuzikabidhi: unaweza kumweleza kwamba ziko, kwa nini uliziweka, kiasi gani ni cha mashine na hakiguswi, na kiasi gani ungependa mkile pamoja Mombasa. Jambo la ndugu yake litaibuka, jiandae. Mahali nisipokushauri kabisa ni kwenye dirisha la tiketi pale ngomeni, ukifungua pochi mbele ya watu huku yeye akisema hatuna. Wala sebuleni kwa shangazi.

Na mabati? Si wazo baya. Jikoni kusikovuja ni jambo la kila siku, safari ni ya siku nne. Ningetaka tu ujue kama unayataja kwa kuwa unayataka, au ni namna ya kumwambia "basi, umeshinda". Hilo la pili huvuja hata chini ya mabati mapya.

Viti vya treni vya mwezi wa Agosti hujaa mapema, watoto wakiwa nyumbani, kwa hivyo mazungumzo haya hayawezi kusubiri sana. Tafuta jioni ambayo watoto wako kwa bibi yao, mwombe alete lile daftari, na mpige mstari wa pili. Kisha niandikie tena uniambie mlichokubaliana, hata kama ni mabati.